Wakubwa Mbele, Wadogo Nyuma: Kumuaga Kocha Elikana

Mheshimiwa Sheikh Asaad, Mwenyekiti wa Bodi, nawe Mkuu wa Chuo chetu, nawe Bi Mahbuba na wazee wenzako mliokaa safu ya kwanza, ambao kwa haki ningekutajeni kabla ya Mwenyekiti lakini karatasi ya itifaki imenikatalia, wageni wetu mliotoka Qurum, Khuwair na hapa hapa Ansab, walimu wenzangu, wachezaji, ambao leo kwa mara ya kwanza nakuoneni mumevaa viatu visivyo na vumbi, na mgeni wetu mwenyewe, Kocha Elikana, pamoja na mkeo Bi Bupe. Amani iwe juu yenu nyote, na jioni yenu iwe njema.

Sheikh Asaad ameniambia nizungumze Kiswahili, na sababu mnaijua. Kocha ameishi Maskati miaka miwili, na Kiarabu chake bado kinaishia kwenye "yalla" ya kuanzia na "khalas" ya kumalizia, maneno mawili ambayo kwa kweli yanatosha kuendeshea mazoezi. Kwa wasionijua, naitwa Kawthar, ni Msajili wa chuo. Kazi yangu ni mafaili. Mpira siupendi, na nasema mapema ili mtu asije akadhani nimepanda hapa kwa mapenzi ya mchezo. Katika misimu miwili nimehudhuria mechi nne, na katika mbili kati ya hizo nilikuwa nasoma barua zangu kwenye simu. Mtakayoyasikia basi ni maneno ya mtu aliyeangalia kwa mbali, na mengine ameyapata kwa kuuliza.

Pale mlangoni, kabla hatujaingia ukumbini, watu watatu wamenishika mkono wakaniuliza swali moja. Timu yenye umri wa miaka miwili imeshika nafasi ya pili katika ligi ya vyuo. Kwa nini basi kocha hakuongezewa mkataba, na kwa nini Alkhamisi yeye na mkewe wanapanda ndege kurudi Mbeya? Ni swali la haki. Nitalijibu, lakini si sasa hivi, kwa sababu jibu lake halieleweki bila ya kujua timu hii ilipatikanaje na ilicheza vipi.

Kocha Elikana alipofika, alikuja na fomu. Mimi nazipenda fomu, na ile ilikuwa nzuri: urefu, uzito, kasi, mguu anaoutumia, idadi ya magoli aliyofunga skuli. Alidhani atasimama kwenye viwanja vya skuli na filimbi yake, achague vijana mmoja mmoja, awaandike, aondoke. Labda kuna miji ambayo wachezaji husajiliwa hivyo. Hapa, ukimtaka kijana, unakwenda kukaa kwao.

Akaenda nyumbani kwa Bi Mahbuba kumtaka Badr, mjukuu wake, ambaye wakati ule alikuwa na miaka ishirini na kasi ambayo Kocha aliipima mara mbili kwa kudhani saa imeharibika. Bi Mahbuba akamsikiliza mpaka mwisho. Akamsikiliza alipoeleza lishe, akamsikiliza alipoeleza nidhamu, akamtia kahawa, akamkaribisha halua. Halafu akamwambia maneno ambayo ameniruhusu niyarejee hapa: "Mwanangu, Badr ntakupa. Lakini Badr hendi pahala bila ya ami zake. Ukimtaka yeye, mchukue na Ghanim, mchukue na Sleiman, na wapo wajukuu wa dada yangu kule Khuwair, na wao wanataka kusoma."

Kocha alikwenda kutafuta mtu mmoja, akatoka na saba. Maombi yote saba yalifika mezani kwangu siku moja, yakiwa na mwandiko mmoja. Ghanim, mtoto wa Bi Mahbuba, alikuwa na miaka ishirini na minane, na kazi ofisini, na kitambi ambacho leo nafurahi kuona kimepungua. Kwenye fomu yake, mahali palipoandikwa kasi, Kocha aliandika: "Anatembea vizuri." Sleiman, kitinda mimba wa Bi Mahbuba, alikuwa na miaka kumi na tisa, yaani ni mdogo kwa Badr kwa mwaka mzima, na bado ni ami yake, ndugu wa baba yake. Nakuombeni mulishike hilo, maana Kocha hakulishika, na lilimgharimu msimu.

Mlinda mlango wetu, Ildefonce, alipatikana kwa njia nyengine. Mama yake, Bi Pelagia, anayefanya kazi katika saluni moja ya Qurum, alimleta mwenyewe kwa teksi siku yake ya mapumziko. Alimwambia Kocha, "Huyu mtoto akikaa bure nyumbani atanimaliza. Mpe kazi yoyote, hata ya kusimama." Kocha akamtazama urefu wake, akampa kazi ya kusimama. Waliobaki walifuata nyuma ya wale saba, jamaa kwa jamaa. Huo ndio usajili wetu wa msimu wa kwanza, na sina haja ya kuupamba.

Sasa nikupelekeni kwenye msimu wenyewe. Tulicheza mechi kumi na mbili na tukapata magoli matatu, na moja kati ya hayo walijifunga wenzetu. Ukiwauliza walioangalia watakwambia timu haikuwa mbovu. Ilimiliki mpira, ilipasiana vizuri, ilifika mbele ya goli mara nyingi kuliko wapinzani. Ikishafika pale, ilikuwa inasimama.

Mechi ya tatu nilikuwapo, na simu yangu ilikuwa imezima, kwa hivyo niliona. Badr alimpita beki, akampita wa pili, akampita na kipa, kipa akabaki amelala chini. Goli lilikuwa wazi, hatua nne. Badr akasimama. Akageuka, akamtafuta Ghanim, aliyekuwa nyuma yake amezungukwa na watu wawili, akampasia mpira kwa mguu wa kulia taratibu, kama mtu anayempa mkubwa wake kikombe. Wale wawili wakauchukua mpira wakaondoka nao. Kocha alirusha kofia yake. Baada ya mechi alimwita Badr akamwuliza kwa nini hakupiga. Badr akajibu, kwa adabu kabisa, "Kocha, ami yangu alikuwa pale. Ntapigaje mbele yake?"

Nyinyi wazee mnacheka kwa sababu hamuoni la ajabu katika jibu hilo. Nani kati yetu amelelewa apite mlango kabla ya ami yake? Nani ameanza kula kabla mkubwa hajatia mkono? Tulikuwa tumewafundisha watoto wetu jambo moja kwa miaka ishirini, asubuhi na jioni, kisha tukamkabidhi mgeni wa watu awafundishe jengine kwa saa mbili kila alasiri. Na yeye hakuambiwa. Ghanim mwenyewe hakuona kosa. Alikuwa anapewa haki yake.

Kocha alidhani ni woga. Alileta mtu wa kuzungumza na vijana kuhusu kujiamini, wakamsikiliza, wakamshukuru, na mechi iliyofuata wakaendelea kupeana mpira mbele ya goli mpaka filimbi. Mwisho wa msimu ripoti ilikwenda kwenye Bodi, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Washambuliaji hawana nia ya kufunga." Ripoti hiyo nitairudia.

Kilichobadilisha mambo ni chakula cha mchana. Bi Mahbuba aliwaalika timu nzima Ijumaa moja, baada ya sala, kabla ya msimu wa pili kuanza. Sinia tatu za wali, nyama katikati, vijana sita sita wamekaa chini. Kocha alikaa kwenye sinia ya katikati. Mkewe, Bi Bupe, aliyekuwa ndani pamoja na wanawake, ananiambia mumewe alirudi nyumbani na njaa siku ile, na hakuwahi kumuona akirudi na njaa kutoka kwa Bi Mahbuba. Alikuwa hali chakula. Alikuwa anaiangalia nyama.

Aliona kwamba kila kipande kizuri kina njia yake. Kijana mdogo akikichambua, hakiweki upande wake. Anakisogeza kwa aliyemzidi, na huyo anakisogeza mbele, mpaka kinafika kwa mkubwa wa sinia, ambaye hana wa kumpa tena, na huyo ndiye anayekula. Na aliona kwamba Badr, mwenye miaka ishirini na moja, alimsogezea Sleiman, mwenye miaka ishirini. Hapo Kocha alinyanyuka, akaenda mpaka mlango wa ndani, akapiga hodi, akaomba: "Shikamoo, mama. Naomba uniambie, katika hawa, nani mkubwa kwa nani?"

Bi Mahbuba akamtajia wote, kwa kuzaliwa na kwa ujamaa, nani ami, nani mtoto wa dada, nani amenyonya ziwa moja na nani. Kocha akaandika nyuma ya bahasha. Jumapili orodha ya timu ilibandikwa ubaoni, na watu wakaanza kuja ofisini kwangu kuuliza kama Kocha anaumwa. Badr, mwenye kasi kuliko wote, amewekwa beki wa kushoto. Wajukuu wadogo wote nyuma. Watoto wa kaka na wa dada katikati. Sleiman winga. Na mbele kabisa, peke yake, mshambuliaji wa kati, Ghanim, anatembea vizuri.

Mimi pia nilidhani amechoka. Niliuliza katika kikao, na yapo kwenye muhtasari, kama kuna utaalamu wowote duniani unaomweka mtu mzito mbele na mwepesi nyuma. Kocha akajibu, "Mama Msajili, sijui kama upo. Nawapanga kama walivyokaa kwenye sinia."

Yaliyobaki mnayajua. Mpira ukianzia kwa mdogo wa nyuma, anautafutia mkubwa wake, naye yuko mbele. Huyo anautafutia wake, naye yuko mbele zaidi. Badr, ambaye zamani alikuwa akifika golini na kusimama, sasa ana uwanja mzima wa kukimbia, anaupeleka mpira kwa ami yake mbio bila ya kugeuka. Na ukishafika kwa Ghanim hana wa kumpa. Lazima apige. Ghanim hakuwahi kuwa mpigaji hodari, lakini mtu akipewa mpira mara ishirini katika mechi moja, na wote waliompa wamesimama wanamngojea kwa heshima, ataona haya asipofunga. Alifunga magoli kumi na manne. Timu nzima ilifunga kumi na tisa.

Palikuwa na tatizo moja, na lilikuwa la mlinda mlango. Ildefonce si wa ukoo. Ni mgeni, na mgeni kwetu anatangulizwa kuliko ami. Mechi mbili za mwanzo wachezaji wote wa nyuma, wakipata mpira, waliurudisha kwa Ildefonce, kwa kumkirimu. Maskini alikuwa hapumziki. Safari hii Kocha hakurusha kofia, alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mahbuba. Bi Mahbuba akamwita Ildefonce kila Ijumaa kwa mwezi mzima, akamlisha jikoni, akamtuma dukani, akamgombeza alipochelewa, na mwisho akawaambia wajukuu zake, "Huyu ni wenu, na ndiye mdogo wa wote." Tangu siku hiyo hakuna aliyemrudishia mpira. Bi Pelagia amenambia hapo nje kwamba mwanawe sasa anaosha vyombo bila kuambiwa, na kwamba kwa hilo tu angekuja kumuaga Kocha hata kwa miguu.

Je, mtindo huu utadumu? Nimeulizwa nitoe tathmini, na nitaitoa bila ya kuwapaka mafuta. Wapinzani si wajinga. Mechi tatu za mwisho walimwekea Ghanim watu watatu, na hapo tukaona jambo jipya: Ghanim akapaza sauti, "Sleiman, piga, nimekuruhusu," na Sleiman akapiga, na ikawa goli. Kumbe mkubwa akitoa ruhusa mdogo anaweza. Lakini Ghanim amemaliza masomo mwezi huu. Mwakani mkubwa atakuwa Sleiman, ana mguu mzuri wa kushoto, ila ruhusa hajazoea kuitoa, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa anaipokea. Ulinzi wetu ni mchanga. Katikati tuna watu wawili tu wa kutegemea. Kwa mpango wa usajili unaoendelea, nafasi ya tatu au ya nne ni matarajio ya mtu mkweli, na mwaka wa nne ndipo tunapoweza kutaja ubingwa.

Nimesema usajili unaoendelea. Hapa ndipo ninapotaka munisikilize vizuri.

Barua ya kumwarifu Kocha kwamba mkataba wake hautaongezwa alipewa mwezi wa tatu. Tangu mwezi wa tatu mpaka wiki iliyopita amekwenda kukaa katika nyumba tisa, Bawshar, Khuwair, Seeb, baada ya mazoezi, kwa gari yake, kuwatafutia vijana timu ambayo hataifundisha. Daftari lake analo Mkuu wa Chuo. Ndani yake mna majina kumi na moja, na mbele ya kila jina ameandika kijana huyo ni mdogo kwa nani na mkubwa kwa nani katika hawa tulionao, na asimame wapi uwanjani. Hakuna aliyemtuma. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwa ufupi kwamba wale wazee alishawaahidi atakwenda.

Sasa lile swali la mlangoni. Ripoti ya msimu wa kwanza ilipendekeza kwamba nafasi ya kocha wa kudumu ifutwe baada ya mwaka wa pili, na timu iachwe kuwa burudani ya wanafunzi. Bodi iliikubali kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri. Mambo ya ofisini yakishapitishwa hutembea yenyewe, na mwezi wa tatu, timu ikiwa nafasi ya pili, barua ikatoka kama ilivyopangwa. Kocha, wewe umekuwa ukidhani ni Bodi, na hujapata kuuliza ni nani aliyeiandika ile ripoti. Niliiandika mimi.

Nimeisoma tena juzi. Kila tarakimu iliyomo ni sahihi. Mechi kumi na mbili, magoli matatu, mashuti mangapi, yote sahihi. Na ile sentensi ya kwamba hawana nia ya kufunga ni yangu, niliyoiandika nikiwa mtoto wa nyumba ya Kizanzibari, niliyekula kwenye sinia kama ile tangu sijajua kusema. Mgeni kutoka Mbeya alikuwa na udhuru wa kutokujua. Mimi nilikuwa na udhuru gani? Niliwaangalia watoto wetu wakifanya nilichofundishwa na mama yangu, nikakiita upungufu, kwa sababu nilikuwa nimekaa upande wa mafaili.

Na hilo silo baya kuliko yote. Mwezi wa tatu nilikuwa nishajua. Ingetosha kwenda kwa Sheikh Asaad na kumwambia nimekosea, na angenisikiliza, ananisikiliza siku zote. Sikwenda. Niliona haya kuifuta ripoti isiyo na kosa hata moja la hesabu. Kwa haya yangu, Bi Bupe ameacha kazi yake ya chekechea na amefunga mizigo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla sijapanda hapa nimekukabidhi barua ya kuiondoa ripoti yangu na kuomba nafasi ile irejeshwe. Bodi inakaa baada ya Alkhamisi, najua, na sitomwahidi Kocha kitu nisichokuwa nacho mkononi. Nnachoomba leo ni kidogo zaidi: iandikwe katika kumbukumbu za chuo kwamba kocha wetu wa kwanza hakuondoka kwa kushindwa kazi.

Kocha Elikana, nimekukosea. Nakuomba radhi mbele ya mkeo na mbele ya vijana wako, na nalisema kwa sauti kwa sababu ripoti niliiandika kimya kimya.

Nakushukuruni nyote kwa kunipa masikio yenu. Nawe Kocha, nakushukuru zaidi kuliko wengine, kwa kuwa umesikia ni nani, na bado umekaa kwenye kiti chako mpaka nimemaliza.